Mtoto Huyu ni wa Darasa Lako: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi ya Kawaida

Mwalimu, huenda hukusomea elimu maalumu. Chuoni ilipita kama mada moja kati ya nyingi, ukafanya mtihani, ukapangiwa kituo. Sasa una darasa la watoto 90 waliobanana watatu watatu kwenye dawati. Kati yao yupo asiyeona ubao, yupo anayesikia nusu ya unachosema, na yupo aliyefika Darasa la Nne bila kuweza kuunganisha silabi mbili. Unajiuliza kama huyo hapaswi kupelekwa kwenye shule yenye kitengo.

Wachache, ndiyo, na nitaeleza mbele ni akina nani. Wengi waliobaki ni wa darasa lako, na watabaki humo mpaka wamalize. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma pamoja na wenzao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 umelenga shule za kawaida kama yako. Hata bila sheria hizo hali ingekuwa ileile, kwa sababu shule zenye vitengo ni chache na mara nyingi ziko mbali na kijiji. Tena wengi wa watoto hawa hawana ulemavu unaoonekana kwa macho. Wamekaa tu mstari wa nyuma, wanaitwa wazito.

Mengi ya yafuatayo hayahitaji fedha wala cheti kingine. Yanahitaji umwangalie mtoto kwa makini, kisha ubadilishe mambo machache katika namna unavyofundisha.

Angalia na uandike

Kabla hujampa mtoto jina la tatizo, tafuta daftari dogo liwe la kumbukumbu zake. Kusema kama ana usonji, ulemavu wa akili au uziwi ni kazi ya wataalamu wa upimaji. Kazi yako ni kuandika unachokiona: siku, somo, na alichofanya. “Jumatatu, Hisabati: alinakili 38 badala ya 83 kutoka ubaoni. Nilipompa kitabu mkononi alinakili sawasawa.” Sentensi hizo mbili zinakuelekeza kwenye macho na umbali. “Ni mvivu, hanakili kazi” haikuelekezi popote, wala haimsaidii daktari atakayeisoma.

Mtoto mwenye uoni hafifu hukunja uso, huinamisha kichwa upande mmoja, huleta kitabu puani, hunakili kutoka kwa jirani, na mara nyingi hulalamika kichwa ifikapo mchana. Mwenye usikivu hafifu hukodolea midomo yako, hujibu swali ambalo hukuuliza, huongea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Dalili ambayo walimu wengi huipita ni hii: ukisema “simameni,” yeye husimama baada ya wenzake, kwa sababu anawafuata wao. Angalia pia masikio yanayotoa usaha. Usaha wa sikio usiotibiwa hupunguza usikivu wa watoto wengi, na usikivu huo hupanda na kushuka. Wiki hii anasikia, wiki ijayo akipata mafua hasikii. Usiseme anajifanya.

Macho unaweza kuyachunguza mwenyewe hapo shuleni. Omba kituo cha afya au mratibu wa huduma za macho wa wilaya wakupatie chati yenye herufi E zinazoelekea pande mbalimbali, pamoja na maelekezo ya kuitumia. Mtoto hukaa mita 6 kutoka kwenye chati, hufunika jicho moja kwa kiganja, kisha huonyesha kwa mkono miguu ya E inakoelekea. Hahitaji kujua kusoma. Rudia kwa jicho la pili. Atakayeshindwa mistari ambayo wenzake wanaiona apelekwe hospitali. Darasa zima linaweza kupimwa kwa muda mfupi, nawe ungeshangaa idadi ya watoto ambao kasoro yao yote ilikuwa kukosa miwani.

Tenganisha pia mahitaji maalumu na mambo mengine yanayofanana nayo. Mtoto wa Simiyu au Longido aliyelelewa kwa Kisukuma au Kimaasai akaanza Darasa la Kwanza na Kiswahili kidogo hana ulemavu. Anajifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi kubwa. Mtoto anayesinzia kwa sababu alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila chai anahitaji uji. Ukimwandika kwenye orodha ya wenye mahitaji maalumu umemkosea, na umechukua nafasi ya mwingine.

Mwite mzazi

Usimtume mtoto na barua ya “mzazi fika shuleni bila kukosa.” Barua hiyo wazazi wanaijua, na wanakuja wakiwa wamejiandaa kwa ugomvi. Usilitaje jambo hili kwenye mkutano wa wazazi. Mwite peke yake, mpe kiti. Kama anayemlea ni bibi, na mara nyingi ndivyo ilivyo, mpe shikamoo yake na uanze na kile mtoto anachokiweza: “Mjukuu wako, bibi, anapenda kuimba, na wenzake wanampenda. Kuna jambo nimeliona darasani, nikaona tushauriane.” Kisha mfungulie lile daftari umsomee.

Uliza maswali yanayojibika. Ukimwita kwa nyuma anageuka? Redio anaiweka sauti ya juu? Aliwahi kuugua homa kali, degedege au uti wa mgongo? Alianza kutembea na kusema lini? Usiulize nani katika ukoo alikuwa hivyo. Mama wa mtoto mwenye ulemavu huenda amelaumiwa vya kutosha na wakwe na majirani, ameambiwa ni mkosi au ni kazi ya watu, na swali lako litasikika kama hukumu nyingine.

Asiondoke mikono mitupu. Mwandikie barua fupi ya kwenda zahanati inayoeleza ulichokiona, na mkubaliane siku atakayoleta majibu. Wakati huohuo mwombe mwalimu mkuu awasiliane na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, ambaye ndiye njia ya kufikia kituo cha upimaji na ubainishaji. Maafisa hawa wana shule nyingi, na mtoto ambaye hawakuandikiwa hawawezi kumjua. Kwa macho, viungo na masikio zipo hospitali zenye uzoefu mkubwa, kama CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi, lakini safari nyingi huanzia zahanati ya kijiji, na nyingine huishia hapohapo kwa dawa ya sikio.

Majibu yakichelewa, usisubiri. Mambo ya darasani yanaweza kuanza kesho asubuhi.

Kiti, mwanga na sauti

Panga wewe nani akae wapi. Darasa likijipanga lenyewe, wenye nguvu hushika mbele na wanaohitaji mbele hujikuta nyuma.

Mwenye uoni hafifu akae mbele, mwanga ukimjia kwa ubavuni au mgongoni, usimpige usoni. Mruhusu ainuke aende hadi ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, na waeleze wenzake mapema kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kusoma. Ubao wenyewe uutazame. Ubao uliochakaa na kuwa wa kijivu, unaong’aa dirisha likiwa wazi, unawanyima kusoma hata wenye macho mazima. Omba kamati ya shule inunue rangi. Andika kwa chaki nyeupe au ya njano, herufi kubwa. Chaki ya bluu na nyekundu ziache kwa mapambo. Na kila unachoandika kitamke kwa sauti unapokiandika. Tabia hiyo moja humsaidia asiyeona vizuri, anayesoma polepole, na yule wa nyuma aliyezibwa na kichwa cha mwenzake.

Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu pamoja na ngozi isiyo na kinga dhidi ya jua. Miwani humsaidia kwa sehemu tu, hivyo usidhani tatizo limekwisha kwa sababu ameivaa. Muweke mbali na dirisha linaloingiza jua. Kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu ziwe sehemu ya sare yake, na mwalimu wa zamu asimvue kofia mstarini. Michezo na kazi za nje azifanye asubuhi mapema, kwa sababu kati ya saa nne na saa kumi jioni jua ni kali mno kwake. Pale KCMC hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino wa hapa nchini. Muulize mzazi kama anayapata, na kama hayapati, Afisa Ustawi wa Jamii na chama cha watu wenye ualbino ndio wa kuwaona.

Kwa mwenye usikivu hafifu, jambo kubwa ni uso wako. Wengi wetu tunaeleza huku tunaandika, mgongo kwa wanafunzi. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, maana uso unakuwa giza na midomo haisomeki. Mkalishe mstari wa pili pembeni, pale anapoweza kugeuka akamwona mwenzake anayejibu, na mwenzake akishajibu wewe rudia jibu hilo. Kumuuliza “umeelewa?” hakutoshi, kwa kuwa atasema ndiyo. Mwambie akueleze anachotakiwa kufanya. Mvua ikianza kupiga bati hasikii mtu yeyote, yeye hata kidogo, basi wakati huo uwe wa kazi ya kuandika.

Kiziwi kabisa ni suala jingine, na hapa nina msimamo. Kumkalisha mbele hakumpi lugha. Anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania, na lugha hukua kwa kuwa na watu wa kuzungumza nao. Mtoto kiziwi aliye peke yake kati ya watoto 700 wanaosikia, bila mwalimu wala rafiki anayetumia alama, yupo shuleni kwa jina tu. Kwake yeye, shule yenye viziwi wenzake, kama ile ya Buguruni jijini Dar es Salaam, au kitengo cha viziwi kilicho karibu na nyumbani, ni nafasi ya kusoma, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi. Asiyeona kabisa naye anahitaji mwalimu wa nukta nundu na mashine yake. Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam imelea watoto wa namna hiyo bila kuwatenga na wenzao. Wakati mnasubiri nafasi, wasiliana na Chama cha Viziwi Tanzania au chama cha wasioona kilicho karibu nanyi, na jifunzeni darasa zima salamu, majina na namba kwa alama. Watoto hujifunza haraka kuliko sisi.

Kuhusu viungo nitasema machache. Njia ya mteremko inayopitika hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, hivyo ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi wa kijiji anaweza kuujenga. Lakini kabla ya saruji, kama chumba cha Darasa la Tano kina ngazi na cha Darasa la Pili hakina, badilisheni vyumba. Choo kiwe na mlango mpana unaopitisha kiti mwendo, na ukutani kuwe na kitu cha kushika. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda akahitaji kutoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku. Mpe maji, sabuni na mahali pa faragha, na asilazimike kueleza mbele ya darasa anakwenda wapi.

Asiyejua kusoma

Hili ndilo kundi kubwa, na ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mtoto anakwenda Darasa la Tano na la Sita akiwa hajui kusoma na kila mtu anajua.

Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa KKK miaka miwili, akahudhuria, na bado hawezi kuunganisha silabi, ana sababu. Itafute. Kuimba “ba be bi bo bu” kwa pamoja kunamficha, maana anafuata sauti za wenzake na wimbo ameshaukariri. Kata vikadi kutoka kwenye maboksi, andika silabi moja kwenye kila kimoja, vichanganye, kisha mwite pembeni umuulize kimoja kimoja. Utajua anapokwama. Wengine hawajashika sauti ya herufi yenyewe na wanachanganya b na d, au m na n. Wengine wanazijua herufi ila hawaziunganishi. Wengine wako sawa kwenye “mama” na “kuku,” wakifika kwenye mb, nd, ny, ng’ au dh wanasimama, na wakikutana na mbw, ngw au nyw wanakata tamaa. Kila mmoja anahitaji somo lake. Kumrudisha kila mtu kwenye irabu ni kuwapotezea muda.

Fundisha kwa mdomo, jicho na mkono kwa pamoja: aichore herufi mchangani kwa kidole huku anaitamka. Silabi mpya ziwe mbili au tatu kwa siku, na kila siku uanze na za jana.

Wapo watakaovuka hapo lakini wabaki wazito. Wanasoma kila silabi sawasawa, ila polepole mno, hivi kwamba wakifika mwisho wa sentensi wameshasahau mwanzo wake. Maneno yetu marefu huwachosha. Neno kama “hawakutusikiliza” usimwachie alisome silabi nane kama nane zisizohusiana. Mwonyeshe vipande vyenye maana: ha-wa-ku-tu-sikiliza. Kisha mwandikie “tulisikiliza,” “nasikiliza,” “wamesikiliza,” aone kwamba lile pande la mwisho ni lilelile. Akilizoea jicho lake litalikamata lote kwa mara moja. Halafu arudie habari fupi ileile siku tatu au nne. Wenzake watasema ameikariri, lakini kurudia ndiko kunakompa kasi.

Mtoto wa miaka 12 ataona aibu kubeba kitabu cha Darasa la Kwanza. Mtungieni kitabu chake. Mwambie akusimulie kuhusu mbuzi wao, au timu ya mpira ya mtaani, au safari ya mnadani. Andika sentensi nne kwa maneno yake mwenyewe, bila kuzirembesha, na hizo ndizo atakazosoma. Anazijua, zinamhusu, na hakuna mwenzake anayeweza kumcheka kwa kusoma habari ya mbuzi wake mwenyewe.

Muda utatoka wapi? Dakika 15, siku nne kwa wiki, kikundi cha watoto wanne au watano, wakati darasa lote linafanya zoezi. Usiwakate mapumziko wala michezo. Kwa mtoto anayeshindwa saa zote za darasani, uwanja wa mpira huenda ndipo mahali pekee anapojiona mtu. Mwanafunzi anayesoma vizuri anaweza kushika vikadi siku iliyobaki, mradi umeshamwelekeza asicheke na asimtajie mwenzake jibu mapema.

Katika masomo mengine, punguza wingi wa kazi. Wenzake wakifanya hesabu kumi, yeye afanye nne za aina ileile. Akupe jibu la Sayansi kwa mdomo, wewe uliandike. Visoda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi viendelee kuwapo mezani hata Darasa la Tano kwa anayevihitaji. Kwa mwenye ulemavu wa akili, weka malengo ya muhula yanayopimika na yenye faida kwake: kuandika jina lake kamili, kununua chumvi kwa shilingi 1,000 na kurudi na chenji sahihi, kuvuka barabara kwa kuangalia pande zote mbili. Akiyafikia, yaandike kwenye ripoti yake kwa maneno. Nafasi ya 89 kati ya 90 haimwambii mama yake chochote ambacho hakukijua.

Asiyetulia, na mwenye kifafa

Mtoto mwenye usonji husumbuliwa na mambo yasiyotarajiwa: kengele ya ghafla, mwalimu mgeni, ratiba iliyogeuzwa. Mchoree ratiba ya siku kwa picha, ibandike mezani pake, na mabadiliko yakija mwambie kabla. Akizidiwa na kelele, awe na mahali pa kukaa mpaka atulie, chini ya mti anaouona kila siku au pembeni mwa ofisi, akiwa na mtu wa kumtazama. Asiyeweza kukaa tulivu mpe kazi za miguu: kufuta ubao, kugawa madaftari, kupeleka chaki. Kazi ndefu igawe vipande, akimaliza kimoja akuletee.

Fimbo iache. Mtoto aliyechapwa kwa kutosikia hatasikia zaidi, na aliyechapwa kwa kutosoma atajifunza kutoroka. Hao ndio wanaojaza safu ya watoro kwenye rejesta ya mahudhurio.

Kifafa kinahitaji darasa zima lijue la kufanya. Mtoto akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, wekeni sweta chini ya kichwa, na mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, msimpe maji. Tazama saa: degedege likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Akizinduka atakuwa mchovu na amechanganyikiwa. Mwache alale, na kama amejikojolea mfunike kwa kitenge. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Hofu hiyo imewafanya watoto wengi waachwe wakianguka motoni au majini bila wa kuwashika. Huko Mahenge, ambako kifafa ni kingi kuliko kawaida, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki mwaka 1960, na wagonjwa waliotumia dawa kila siku waliweza kuishi vizuri. Kwa hiyo muulize mzazi kuhusu dawa, na zikimfanya asinzie darasani mwambie amweleze daktari. Asiziache mwenyewe.

Wenzake na usalama wake

Majina ya “zeruzeru,” “bubu” na “kichaa” yasitumike darasani, wala ofisi ya walimu, maana watoto huyaokota kwetu. Mpangie marafiki wawili au watatu wa kumsaidia kwa zamu. Ukimteua mmoja tu, kwa kawaida binti mpole, utakuwa umempa utumishi wa mwaka mzima na kumnyima masomo yake.

Watoto wenye ulemavu hudhulumiwa kingono na kupigwa zaidi ya wenzao, na wasioweza kusema au wenye ulemavu wa akili ndio wanaowindwa zaidi, kwa kuwa mhalifu anaamini hawatasema au hawatasadikiwa. Mfundishe kila mmoja sehemu za mwili zisizoguswa na namna ya kukataa, na ajue mtu mzima mmoja shuleni wa kumwendea. Jua anarudi nyumbani na nani. Akikuambia jambo, kwa maneno, kwa alama au kwa mchoro, msadiki na ulifikishe siku hiyohiyo kwa mwalimu mkuu, Afisa Ustawi wa Jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Mitihani na kukabidhiana

Baraza la Mitihani la Tanzania huwatengenezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu mazingira yao: karatasi za nukta nundu kwa wasioona, maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Katika mtihani wa saa moja na nusu, hiyo ni nusu saa nzima ya Hisabati. Lakini Baraza haliwezi kumpa haki hiyo mtoto ambaye shule ilimsajili kama wengine. Kagua fomu za usajili wewe mwenyewe kabla hazijaondoka shuleni, kwa Upimaji wa Darasa la Nne na kwa mtihani wa kumaliza, na uhakikishe mahitaji yake yameandikwa. Na usingoje mtihani wa taifa: muda huohuo mpe kwenye majaribio yako ya kila mwezi, na karatasi ya uoni hafifu ikuze kwa kuandika kwa mkono kama hakuna mashine.

Mwalimu mkuu, kwako nina ombi. Kama una mwalimu aliyesomea elimu maalumu Patandi au chuo kingine, usimjaze vipindi vya Darasa la Saba mpaka akose nafasi ya kufanya alichosomea. Mpe vipindi kadhaa kwa wiki vya kuzunguka madarasani na kukaa na walimu wenzake.

Nawe mwalimu wa darasa, lile daftari la kumbukumbu lisibaki kabatini mwako mwezi wa Desemba. Mkabidhi mwalimu anayempokea mtoto, keti naye nusu saa, mwambie mtoto anakaa wapi, anasikia sikio gani, silabi zipi zimebaki, na nani anakuja kumchukua jioni. Akienda sekondari, liende naye.